Kiti cha Karibu na Sinki

Jumanne, 4 Machi

Nimekwenda. Mama alisema nikirudi niandike nilichojifunza, basi naandika: nimejifunza kwamba viti vya plastiki havina huruma.

Kikundi kinakutana nyuma ya kliniki, chumba cha mwisho kwenye korido. Viti vimepangwa duara. Ukutani kuna picha ya uti wa mgongo na kalenda ya mwaka juzi. Pembeni kuna sinki, na bomba lake linavuja. Tone. Kimya. Tone. Kutoka kituo cha basi mpaka pale ni mwendo wa dakika kumi, ila mimi na mguu wangu tunatumia ishirini na tano. Nikafika wa mwisho. Kilikuwa kimebaki kiti kimoja tu, na bila shaka ni kile cha karibu na sinki.

Tuko watano. Anayetuongoza tunamwita Mshauri — mama wa makamo, miwani inaning'inia kifuani, anaongea kama anambembeleza mtoto alale. Kuna Dereva, lori lilipinduka naye na mgongo haujarudi sawa. Kuna Mzee Mwashi, alianguka kutoka ghorofa ya pili. Kuna Bibi Chapa, alipiga chapa ofisini miaka thelathini mpaka majambazi walipovamia na kumvunja vidole. Na Mama Pacha, aliyeingia kwenye moto mara mbili, kila mara akatoka na mtoto mmoja. Halafu mimi.

Nilipoambiwa nijitambulishe, nilijitambulisha. Dereva akawageukia wenzake: "Amesema nini?" Bibi Chapa akamwambia nimesema jina langu, na kwamba yeye amekaa na injini mpaka masikio yameota kutu.

Mshauri akaeleza kwamba hapa hatuponywi. Tunajifunza kuishi na maumivu yasiyoisha, na woga uliokuja nayo. Mzee Mwashi akasema mafunzo ya kuishi na maumivu anayo tayari, ana mke. "Na mkeo naye ana kikundi chake," akasema Bibi Chapa. "Jumatano."

Nilicheka. Mguu ukanikumbusha nisizidishe.

Kila kikao kinaanza na kopo. Ni kopo refu la maziwa ya unga, limejaa vifungo vya nguo vya kila rangi. Linaanzia kwenye kiti cha mlangoni, kwa Dereva, linazunguka. Kila mtu anachota vifungo kulingana na maumivu ya siku hiyo, sifuri mpaka kumi. Anafungua kiganja, anataja idadi, Mshauri anaandika kwenye faili. Anasema maneno yanadanganya lakini mkono haudanganyi.

Dereva alichota kumi. Kopo lilipofika kwangu nilichota saba. Ndivyo ilivyokuwa, saba.


Jumatano, 5 Machi

Siku ya pili baada ya kutembea ndiyo mbaya. Nimelala hadi saa nne. Nyonga ya kushoto inaungua, halafu moto unashuka mpaka kwenye kifundo. Daktari alisema mfupa umeunga vizuri. Hongera mfupa.

Mama alipotoka kazini — yuko jikoni kwenye kantini ya kiwanda — alichota maji ya kuoga kimya kimya kama kawaida yake. Amefunga kitambaa kwenye mdomo wa bomba la uani, kimening'inia mpaka ndani ya ndoo, maji yanateleza juu yake bila sauti. Alikifunga siku niliyotoka hospitali. Hajawahi kulisema na mimi sijawahi kuuliza.

Nikisikia maji yakidondoka kwenye bati au ndoo, najikuta nimeshika kichwa. Naweza kuwa katikati ya sentensi. Ni tangu mnara wa tangi la maji uanguke shuleni, Agosti iliyopita. Mtihani wa mwisho niliufanyia kwenye godoro, chumba cha peke yangu, msimamizi akinitazama kwa huruma. Ile huruma yake nayo ilikuwa mtihani.


Jumanne, 11 Machi

Nina hasira na sijui nimkasirikie nani, kwa hiyo nitaanza na mimi mwenyewe.

Leo ilikuwa nane. Nilijua tangu basini. Nilifika wa mwisho tena, nikakaa kwenye kiti kile kile — tone, kimya, tone — na kufika saa ile nilikuwa nimeshauma mdomo. Kopo likazunguka. Wote wamekuwa na wiki mbaya, naona, maana walichota kwa mikono yote. Likafika kwangu. Nikaingiza mkono. Nikapapasa. Vifungo vinne.

Nikapapasa tena. Chini ya kopo. Vinne.

Ningesema tu. "Samahani, vimeisha." Maneno mawili. Mtoto wa chekechea angeyasema. Lakini wote walikuwa wananitazama, na nikitazamwa koo langu linajifunga kama duka siku ya mazishi. Nikafungua kiganja. Mshauri hakuinua uso kutoka kwenye faili, akauliza ngapi, nikasema nne.

"Nne!" akasema. "Kutoka saba! Jamani, mmesikia?"

Wakapiga makofi. Mama Pacha akanishika bega. Bibi Chapa akasema, "Ndiyo maana napenda vijana, mjukuu wangu, nyinyi bado mna vipuri."

Watu wakishakupigia makofi, unawaambiaje?


Alhamisi, 13 Machi

Mama ameshawaambia jikoni kwao kantini. Wanne wamenitumia salamu za pongezi. Mmoja ametuma na ndizi.

Nimekula ndizi. Sikupaswa kula ndizi.


Jumanne, 18 Machi

Kuna mgeni. Fundi rangi, ngazi ilimponyoka, bega limekwisha. Mpole. Amekaa kati ya Mama Pacha na mimi, kwa hiyo sasa kuna mkono mmoja zaidi kabla ya wangu.

Vimebaki vitatu.

Nimeelewa kosa liko wapi. Nilihesabu walipokuwa wanarudisha vifungo koponi baada ya kikao: arubaini. Kikundi kilianza na watu wanne. Wanne mara kumi, arubaini. Halafu nikaja mimi, sasa Fundi Rangi, na hakuna aliyefikiria kuongeza vifungo. Kopo ni refu, kutoka mbali huoni kama limejaa au tupu. Mshauri ana vikundi vitatu kwa siku, chai yake inapoa kila mara nikimwona. Sitaki kumsema vibaya. Lakini jamani, vifungo! Vinashonwa kwenye kila shati la mji huu!

Leo amenionyesha grafu yangu. Mstari mwekundu: saba, nne, tatu. Unashuka kama ngazi nzuri. "Unaona?" akaniambia. "Mwili wako unakusikiliza." Nikatikisa kichwa kukubali. Nilitikisa kabisa, kwa bidii, kama mwanafunzi aliyeelewa hesabu.

Nyonga ilikuwa nane na nusu.


Jumamosi, 22 Machi

Mjomba alikuja. Kaka yake Mama, mwenye duka la uchapaji. Hakukaa hata dakika tano akaanza: anahitaji mtu kwenye mashine ya kukatia karatasi, na kwa kuwa nimepona, kwa nini amchukue mtu baki.

Nikauliza kama mashine ile ina kiti. Akacheka. "Kiti? Mashine ile inaendeshwa kwa kusimama, mpwa wangu. Ukikaa itakukata vidole, halafu utahitaji kikundi kingine."

Mama akasema nitaanza Aprili, Mshauri akishatoa barua ya kuniruhusu kazi. Walikuwa wanaongea juu ya kichwa changu huku nimeshika trei ya chai. Nilitaka kusema kwamba kusimama dakika kumi na tano kuosha vyombo kunanifanya nione nyota mchana. Nilisema, "Niongeze sukari?"

Najichosha.


Jumanne, 25 Machi

Vimebaki viwili.

Leo Mshauri alituomba kila mmoja aeleze siku yake — ile siku. Alisema hatulazimishi, atakayeweza. Mama Pacha akaeleza. Hakulia. Alisema kinachomrudia ni swali, si moto: kwa nini alimchukua yule wa kulia kwanza. Pacha wote wazima, wako darasa la tatu, na bado kila akiwavisha sare anajiuliza. Mzee Mwashi, ambaye hana neno asilotania, alinyamaza kikao chote.

Ikafika zamu yangu. Tone. Kimya. Tone. Nikasema, "Wiki ijayo." Mshauri akaandika kitu.

Naandika hapa basi, kwa kuwa daftari haligeuki kuuliza nimesema nini.

Tulikuwa foleni ya maji, mimi na rafiki yangu. Shule nzima walimwita Kasuku kwa sababu hakuwa na breki ya mdomo. Mimi hawakuniita chochote. Yeye ndiye aliyekuwa anasema kwa niaba yetu wote wawili: kwa walimu, dukani, kwa wavulana. Siku ile mimi nilikuwa mbele yake. Nilikuwa nimefika bombani kabisa. Halafu kuna dada wa kidato cha juu alikuwa amesimama pembeni na ndoo, nikaona aibu, sikujua kama ananisubiri au ananitazama. Nikamwambia Kasuku, "Tangulia wewe." Akatangulia. Akaweka ndoo. Alikuwa bado anaongea, kuhusu viatu, na maji yalikuwa yameanza kudondoka ndani ya ndoo.

Nguzo iliyonigonga nyonga ilikuwa ya pembeni. Ya katikati ilianguka palipokuwa pangu.

Yule dada wa ndoo hakuwa kwenye foleni hata. Alikuwa anamsubiri mwenzake.


Ijumaa, 28 Machi

Mvua, bati zima la nyumba, tangu alfajiri. Nimejifunika mito miwili. Mama alipitisha saa yake ya kwenda kazini, akakaa kitandani ananisugua mguu, akasema, "Mshauri amesema unaendelea vizuri, hii ni mvua tu. Itapita."

Anataka sana nipone. Anataka kwa nguvu mpaka hapati nafasi ya kutazama.


Jumanne, 1 Aprili

Leo ni siku ya wajinga na sikukosa sherehe yangu.

Kimebaki kimoja. Cheupe, kidogo, cha shati la mtoto. Kwa hiyo mbele ya mashahidi sita maumivu yangu leo ni moja. Ilikuwa tisa. Nilipanda ngazi za kliniki kwa kushika ukuta.

Mshauri alisimama kabisa. Alisema katika miaka yake yote hajaona mtu kushuka hivi kwa wiki tano. Akasema Jumanne ijayo nitahitimu — neno lake hilo — nitapewa barua kwamba naweza kufanya kazi ya kawaida, na nafasi yangu atapewa mtu aliye kwenye orodha ya kusubiri. Mama amealikwa. Makofi. Fundi Rangi alipiga kwa mkono mmoja kwenye paja.

Halafu, kama anatangaza jambo dogo, akasema Jumanne hiyo hiyo anapeleka majina kwa daktari bingwa wa mishipa ya fahamu. Bingwa anakuja mara mbili kwa mwaka. Anachukua wawili kutoka kila kikundi, wale ambao namba zao hazijashuka.

Nilikuwa sijui. Hakuna aliyekuwa ameniambia kuna bingwa. Nimekaa pale na kifungo cha mtoto kiganjani.

Nilitoka wa mwisho. Dereva alikuwa kwenye benchi la korido anafunga mkanda wake wa mgongo. Akaniambia, "Binti, wewe na mimi tunajuana."

Nikamwamkia tena, sikujua la kufanya.

"Marahaba. Nimesema tunajuana. Nakuona unavyopapasa mle koponi kama mtu aliyeangusha ufunguo. Vinaisha, sivyo?"

Nikatikisa kichwa kukubali.

"Kwa nini husemi?"

Nikasema sijui. Nilisema kwa sauti, nadhani, maana alisikia.

Akavuta mkanda. Akasema yeye huchota kumi kila wiki. Kuna wiki ni sita. Kuna wiki ni nne, analala usingizi mzuri tu. Lakini ukishuka wanakutoa kwenye majina ya bingwa, na yeye amelisubiri jina lake mwaka na nusu. "Pale hupimwi maumivu. Pale ni foleni. Nimekaa kwenye foleni za mizani maisha yangu yote, naijua foleni nikiiona. Na kwenye foleni, binti, hakuna atakayekurudia nyuma kuuliza kama umesahaulika."

Nikahesabu kichwani. Kumi zake akiwa na sita — vinne ni vyangu. Wiki nyingine, sita.

Ningemwambia. Ningemwambia vinne vile ni vyangu, mzee, na nyonga hii ni yangu, na wewe unalala usingizi mzuri tu. Nilikuwa nimeyapanga maneno mdomoni kama sahani.

Nikamwambia, "Ugua pole."

Nimelia basini. Mwanamke wa kiti cha pembeni alinipa tishu na kuniambia wanaume wote ni hivyo hivyo.


Alhamisi, 3 Aprili

Nimefanya mazoezi mbele ya kioo. "Mshauri, kuna kosa." "Mshauri, naomba kusema kitu." "Mshauri, kopo lako ni dogo." Hili la mwisho lilinifanya nicheke peke yangu, Mama akauliza naongea na nani.

Nimejaribu pia kuandika barua. Nilichana. Barua ataisoma baada ya kikao, majina yakiwa yameshakwenda.

Jambo linalonikera zaidi: nikisema ukweli, nitakuwa ninasema pia kwamba nilidanganya wiki nne. Watauliza kwa nini. Na jibu ni la kipuuzi. Kwa sababu nilikuwa wa mwisho na niliona aibu kuomba vifungo. Mtu anapoteza mguu kwa aibu ya vifungo?


Jumamosi, 5 Aprili

Nimemwambia Mama. Yaani nimejaribu.

Alikuwa amerudi na boksi. Viatu vya kazini, vyeusi, soli nene. Akapiga magoti mwenyewe kunivisha. Kushoto alikuwa anasukuma taratibu na mimi nimeshika ukingo wa meza. Nikasema, "Mama, bado inauma."

"Lazima iume kidogo, viatu vipya."

"Si viatu. Nyonga. Inauma kama zamani. Zile namba za kikundi si za kweli."

Nikaona uso wake unajifunga, taratibu, dirisha moja moja. Akasema nisijitabirie mabaya. Akasema naogopa kazi, na kuogopa ni kawaida, hata yeye siku ya kwanza kantini alitapika. Akasema Mshauri amesomea, ana grafu, na grafu haina sababu ya kumdanganya. "Moja, mwanangu. Umefika moja. Unajua nimeomba mara ngapi kusikia hiyo moja?"

Alikuwa bado kapiga magoti. Mkono wake ulikuwa juu ya kiatu.

Nikasema vinanitosha.


Jumatatu, 7 Aprili

Nimefikiria siku nzima jambo moja. Kama ningekaa kwenye kiti cha mlangoni wiki ya pili, hakuna hata moja ya haya. Kiti tu. Viti sita vya plastiki.

Kesho nitapanda basi la kwanza.


Jumanne, 8 Aprili

Saa mbili na robo. Nimefika kabla ya mfagiaji kumaliza korido. Mama atakuja na basi la baadaye, amekwenda kwanza kuomba ruhusa kazini. Chumba ni kitupu. Bomba linaendelea na kazi yake.

Nimekaa kiti cha mlangoni.

Ni kiti kama vingine. Nilidhani kitakuwa na kitu.

—

Saa tatu kasoro. Dereva ameingia, kasimama mbele yangu. "Binti, umekalia ofisi yangu." Miguu yangu ilianza kunyanyuka yenyewe, naapa, kabla sijaiambia. Nikashika ukingo wa kiti kwa mikono miwili. Nikasema, "Leo nakaa hapa."

Akasema, "Haya," akaenda akakaa cha pili. Anachezea mkanda wake.

Wanaingia. Bibi Chapa amevaa mkufu. "Kwa ajili ya mahafali yako," kasema.

—

Saa nne na dakika tano. Mapumziko, dakika kumi. Wametoka kunyoosha viungo uani. Nimebaki na daftari kwenye goti la kulia na ngumi ya kushoto imefungwa. Naandika haraka.

Mama alifika kopo likiwa tayari mkononi mwa Mshauri. Amevaa gauni la heshima na kitambaa kipya kichwani, alikuwa anapumua kwa nguvu. Kwa ajili ya mgeni waliongeza kiti cha saba, na kilichokuwa kimebaki ni kile cha sinki. Wakamkalisha hapo.

Kopo likaanzia kwangu. Likiwa limejaa ni zito, sikujua. Niliingiza mkono. Ningeweza kuchota kumi kama Dereva, ningekuwa salama. Nilihesabu kwa vidole humo humo ndani, kimoja kimoja, na nilichukua muda mrefu mpaka Mzee Mwashi akauliza kama natafuta cha kufanana na nguo yangu. Nane. Leo ni nane.

Nikafungua kiganja. Nikasema, "Nane."

Mshauri akaandika kitu, akasita, akavaa miwani. "Moja," akasema. "Unamaanisha moja, mwanangu. Au unatutania leo?"

"Nane."

Wakacheka. Si vibaya — walicheka kwa upendo, ndiyo tabu. Bibi Chapa akasema furaha imenichanganya, hata yeye siku ya kustaafu alipanda basi lisilo lake. Mshauri akaja, akaniwekea mkono begani, akaniambia kwa sauti ya chini kwamba ni kawaida kuogopa kuondoka, wengi namba zao hupanda siku ya mwisho, haina maana kwamba ni kweli. Akasema nirudishe tu vifungo, tutaanza upya taratibu. Akaniletea kopo mpaka chini ya pua.

Nikafunga ngumi.

Sikusema neno. Lilikuwa limekwama tena, pale pale. Lakini sikufungua. Ukasikika ule mdundo wa sinki. Mshauri akatazama saa yake, akasema tupumzike, na kwamba ana karatasi za majina za kupeleka ofisi ya mbele kabla ya saa nne na nusu. Akatoka na faili.

Dereva alipopita mbele yangu alikohoa. Akasema, kama anaongea na mlango, "Kopo lina vifungo arubaini, Mshauri. Sisi ni sita." Lakini Mshauri alikuwa ameshafika mbali kwenye korido. Sijui kama alisikia. Sijui kama Dereva alitaka asikie.

Chumbani tumebaki mimi na Mama. Yuko upande wa pili wa duara. Nilidhani atanigombeza. Namwona kwa pembeni ninavyoandika. Hanitazami mimi. Anatazama bomba.

Tone. Mabega yake yameshtuka. Kimya. Ameinuka, analikaza kwa nguvu zake zote za jikoni. Tone.

"Hili linavuja hivi siku zote?" ameuliza.

Nimetikisa kichwa kukubali.

"Na wewe ulikuwa unakaa wapi?"

Nimeonyesha kwa kalamu.

Anafungua kitambaa cha kichwani, kile kipya. Anakizungusha kwenye mdomo wa bomba, anakaza fundo, anakiachia kining'inie mpaka chini kwenye sinki. Sasa hakuna sauti. Nasikia viatu vyao kwenye korido, wanarudi, na sauti ya Mshauri katikati yao.

Mama ameketi kiti cha Dereva, ubavuni kwangu. Nywele zake ziko wazi. Anatazama ngumi yangu.

"Ngapi?" ameuliza.